Vitabu Vilivyochakaa: Kutoka Naipingo Mpaka Narung'ombe

Mmeniuliza wengi tangu nirudi, na kila mmoja nimemjibu nusu. Fundi baiskeli nilimweleza habari za barabara tu. Imamu nilimwambia nimemkuta Rukia salama na watoto wote wazima. Sasa nimekaa nikaandika yote kwenye daftari hili, mpitishiane wenyewe, ili nisiisimulie aibu hii mara kumi.

Mnaniita Maktaba. Jina hilo nililipata kwa sababu nilimaliza kidato cha nne wakati waliomaliza walikuwa wachache hapa kwetu, na kwa sababu ya ile rafu ya vitabu sebuleni. Vitabu ishirini na vinne, vyote vimevalishwa kava za karatasi ya mfuko wa saruji, kila kimoja na jina lake mgongoni kwa wino. Mmeyaona majina yenyewe: riwaya kubwakubwa ambazo walimu husema hakuna msomi asiyezisoma, tenzi za zamani, tamthilia. Mlipokuja kuniomba niwaandikie barua, nilipenda kukaa chini ya rafu ile.

Ukweli ni huu. Vitabu kumi na viwili ni vile kweli. Nilipewa na mwalimu mmoja aliyehama, akaniambia ananiachia hazina. Sijamaliza hata kimoja. Ile riwaya nene kuliko zote nimeianza mara nne katika miaka thelathini, na mara zote nne nimelala kabla mtu yeyote hajafanya jambo lolote.

Vile kumi na viwili vingine, kava ileile, wino uleule, majina ya heshima mgongoni, ndani ni vijitabu vya mapenzi na upelelezi. Karatasi zake ni za manjano, na juu kuna picha ya mwanamke analia au mwanamume ameshika bastola. Hivyo nimevisoma. Kimoja nimekisoma mara tisa.

Na havikuwa vyangu. Vilikuwa vya binti yangu Rukia. Katikati ya miaka ya tisini, akiwa kidato cha pili, nilivikuta chini ya godoro lake. Baadhi yenu mlikuwepo siku ile. Nilikuiteni uani, nikawasha moto, nikamsimamisha mtoto mbele yenu nikasema, "Msichana anayesoma takataka hizi hana akili, na hatakuwa nayo." Mlichokiona kinaungua ni magazeti ya zamani niliyoyafunga kwa kamba. Vijitabu nilivificha darini. Nilijiambia nitasoma kimoja tu, nijue ubaya wake. Nimekuwa nikiutafuta ubaya huo kwa miaka kumi na miwili.

Rukia hakushika tena kitabu cha hadithi, na baadaye hata vya shule alivishika kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. Mtihani ulimshinda, akarudi nyumbani, akaja kuolewa Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa. Alikuja kwetu kwenye misiba na arusi. Tukikaa wawili tuliulizana habari za mvua.

Halafu mwaka huu Narung'ombe wakajenga sekondari yao ya kata. Madarasa mawili na chumba cha vitabu, na chumba cha vitabu hakina kitabu. Rukia akasimama kwenye kikao cha wazazi akasema, "Baba yangu anavyo." Kisha akapiga simu dukani kwa Mpemba, nikaitwa mbio, akaniambia, "Baba, naomba uje utukabidhi vitabu mwenyewe. Nimewaahidi watu." Hakuwa ameniomba kitu chochote tangu siku ya ule moto. Ningekwenda hata kwa magoti.

Naipingo: sanduku linafungwa

Siku moja kabla ya safari nilikuwa shambani namalizia kukung'uta ufuta. Nilimwambia mke wangu, "Mama Rukia, pale kwenye rafu nifungie vitabu kumi na viwili vya kupeleka shuleni. Chagua vile vizuri." Hilo ndilo kosa la kwanza la safari, na ni langu. Mke wangu anasoma msahafu bila kukwama, lakini herufi za shule hakufundishwa, nami sikuwahi kujitolea kumfundisha.

Nilikuwa nimezoea kuvitambua kwa namna nilivyovipanga. Vya kweli kushoto, vya siri kulia. Nilidhani kila mtu anajua kwamba vya kushoto ndivyo vya kutolewa, maana ndivyo nilivyokuwa nikiwaonyesha wageni.

Alfajiri nikakuta sanduku la bati limefungwa kwa kamba ya katani.

"Umechagua vema?" nikamuuliza.

"Nimechagua mwenyewe, Baba Rukia. Usiwe na wasiwasi."

Nikamshukuru, nikapanda pikapu ya viazi vya mtu wa Nachingwea, nikaondoka nikijiona mtu mkubwa.

Nachingwea mpaka Masasi, kwa sababu zisizo zangu

Anayejua nchi yetu ataniuliza Masasi kulikuwa na nini. Ruangwa na Nachingwea ni majirani kabisa. Lakini pale stendi gari la Ruangwa lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yote manne yamelazwa chini, na fundi amelala pembeni yake.

Utingo wa basi jingine akanidaka mkono. "Mzee, Ruangwa? Panda!"

"Mbona limeandikwa Masasi?"

"Masasi, halafu Nanganga, halafu Ruangwa. Utazunguka kidogo, ila utakuwa umekaa. Lile pale likitoka leo, nitembee uchi."

Nikapanda. Sanduku likapandishwa kwenye keria. Hilo lilinisikitisha, maana nilikuwa nimepanga njiani niisome ile riwaya nene hatimaye, walau nusu, nipate maneno mawili ya kusema siku ya kukabidhi. Dereva akaenda kunywa chai. Chai ikawa supu, supu ikawa bao na wazee wa pale. Tulitoka saa nne.

Pembeni yangu alikaa kijana mmoja mpole, miwani usoni, mwalimu wa Masasi. Akaniuliza sanduku lile zito lina nini. Nikamwambia ni vitabu, na kwa kuwa nilishazoea, nikamtajia ile riwaya nene.

"Eeh! Mzee wangu, kile kitabu!" Akageuka mzima mzima. "Ule mwisho uliuonaje?"

"Mwisho ule," nikasema, "ni mzito."

"Mzito kweli. Mimi sikuona haya, nililia."

"Na mimi nililia."

"Ulilia sehemu gani?"

"Karibu na mwisho."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akanigawia mhogo wake wa kuchoma. Mhogo ule niliula kwa shida. Mtu wa miaka sitini na nne anamdanganya kijana kuhusu machozi.

Nanganga njia panda: mtani anafungua sanduku

Basi lilinishusha Nanganga jua likiwa utosini. Magari ya kwenda Ruangwa yanachepukia hapo kutoka barabara kuu. Nilikuta watu wawili tu pale. Mmoja alikuwa mama aliyekuwa akiuza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, Mama Anjela, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji. Wa pili alikuwa mzee wa rika langu, amekalia cherehani iliyofungwa kwenye gunia. Alikuwa fundi nguo, anaitwa Komba.

Nilinunua ming'oko. Ilikuwa laini, ina chumvi na pilipili, nikala kimya. Komba akanitazama sana.

"Mzee mwenzangu, wewe kabila gani?"

"Mmwera, wa Nachingwea."

Akainuka akapiga makofi. "Ahaa! Mimi Mngoni wa Songea! Leo nimepata mtumwa wa kunibebea cherehani. Babu zako waliwaona babu zangu wakakimbia wakaacha vyungu motoni."

"Walikimbia harufu," nikamjibu. "Vyungu walirudi kuvichukua mlipokwisha kuoga."

Mama Anjela alicheka mpaka akaweka kisu chini. Basi tukawa watani, na nyinyi mnajua maana yake: hapo sina siri wala mali. Komba akalivuta sanduku langu.

"Kuna nini humu?"

"Vitabu vya shule. Usifungue, mtani."

"Tangu lini Mngoni akabisha hodi kwa Mmwera?" Kamba ikafunguliwa. Akatoa kitabu cha juu, akasoma mgongoni jina zito la riwaya moja kubwa, akakunja midomo kama mtu aliye mbele ya mkuu wa wilaya. Kisha akakifungua katikati, akasoma kwa sauti:

"Stela alisimama stesheni huku mvua ikimlowesha, na treni ikamchukua Dokta Edwini pamoja na moyo wake wote."

Kile kilikuwa *Nitakusubiri Stesheni*, ndicho nilichokisoma mara tisa. Nikapiga magoti nikavitoa vyote. Vyote kumi na viwili vilikuwa vile vya upande wa kulia. *Barua za Muuguzi Stela*, *Bastola ya Kapteni Zuberi*, vyote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliwaza mke wangu amesimama mbele ya rafu, ameambiwa achague vizuri, naye hajui kusoma majina. Akafanya kama anavyofanya mtu mwenye akili sokoni: akaviangalia vyenyewe. Huku akaona vitabu vipya kabisa, kurasa zimegandana. Huku akaona vilivyochakaa, vilivyokunjwa pembe, vyenye alama za vidole na madoa ya chai. Akajua vipi ndivyo mume wake anavyovipenda, akavifunga hivyo. Hakukosea hata kidogo.

"Fundi, endelea," akasema Mama Anjela. "Hilo treni limempeleka wapi?"

"Narudi nyumbani," nikasema, nikaanza kuvirudisha sandukuni. "Narudi kubadilisha."

"Kubadilisha nini?" Komba akauliza. "Mbona hiki kitamu?"

Nikawaeleza. Sijui kwa nini niliwaeleza watu wa njia panda jambo ambalo sikuwaeleza nyinyi kwa miaka kumi na miwili. Labda kwa sababu nilijua gari likija tutaachana. Nikasema habari za godoro, moto, magazeti, na maneno niliyomwambia mtoto. Komba aliacha kutania, akashika kitabu mkononi bila kukifunga.

"Ukirudi Naipingo leo," akasema, "mpaka ufike tena huku, siku ya kukabidhi imepita. Binti amesimama mbele za watu peke yake."

"Na nikienda navyo hivi, amesimama na aibu."

Mama Anjela akauliza, "Huyo mtoto, ulishamwambia pole?"

"Bado."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na sasa ndiyo unakimbilia nyumbani?" Akanimenyea mng'oko mwingine. "Kaa, baba. Kula."

Nikakaa. Magari mawili yalipita yamejaa. Komba alisoma, nami alipochoka nilimpokea, na kurasa nyingine nilizisema bila kutazama. Likaja lori moja likasimama, watu wakateremka kutaka ming'oko. Mama Anjela akawainulia kiganja: "Ngojeni kwanza, Stela yuko hospitali." Wakangoja. Wawili wakakaa chini.

Nanganga mpaka Ruangwa, juu ya mabati

Alasiri tulipata lori lililobeba mabati. Tuliketi juu yake, cherehani katikati yetu. Mabati yalikuwa na moto bado, na barabara ile inatikisa, kwa hiyo tulikwenda tukiwa nusu tumekaa nusu tumechuchumaa. Mama Anjela alibaki Nanganga akipunga mkono. Nilikuwa nimemwachia kisa cha Stela mpaka harusi, kwa mdomo, maana kitabu hakikuwa changu cha kutoa.

"Sasa jaribu," akasema Komba. "Mimi ni Rukia." Akavuta kitambaa kimoja kutoka kwenye mzigo wake, akajitanda kichwani, akabana sauti. "Shikamoo baba. Umeniletea nini?"

"Marahaba mwanangu. Kwa kweli mimi nilikosea, lakini wakati ule wazazi wote..."

"Aa-aa. Anza tena."

"Mwanangu, nilikosea siku ile, lakini nia yangu..."

Akavua kitambaa. "Mtani, umesema 'lakini' mara mbili na hujafika hata kwenye moto. Mwanamke akisikia 'lakini' anajua bado unajitetea. Zitoe zote."

Nikajaribu tena. Bila 'lakini' maneno yalikuwa machache mno, kama manne au matano, na kila moja lilikuwa gumu kutoka. Tulifanya hivyo mpaka tulipoanza kuona taa za Ruangwa. Utingo aliyekuwa nyuma yetu aliamini Komba ni mke wangu wa zamani aliyekuwa na kichaa, na alikuwa akituonea huruma sana.

Stendi ya Ruangwa tuliagana. Komba alinikumbatia akasema, "Nenda, mtumwa wangu. Nimekuacha huru."

Ruangwa mpaka Narung'ombe, na heshima ya mkwe

Asubuhi mkwe wangu Bakari akanifuata nyumba ya wageni na baiskeli. Ni kijana mrefu, mkulima wa korosho, na heshima yake kwangu imezidi mpaka inachosha. Hanitazami machoni, hacheki mbele yangu, hata njaa hasemi kama anayo. Alilifunga sanduku kwenye keria, tukapewa lifti na lori la mtu mpaka sehemu fulani, halafu tukatembea, yeye akisukuma baiskeli, mimi nyuma.

Kwenye mchanga mwingi baiskeli ikayumba, sanduku likaanguka, kifuniko kikafunguka. Kitabu kimoja kikavuka njia, kava la saruji likaachia, kikalala chali. Juu yake mwanamke mwenye nywele ndefu alikuwa akilia kifuani kwa mwanamume mwenye bastola.

Bakari akakiokota. Akakitazama mara moja tu. Kisha akatazama mbinguni kama mtu anayekisia mvua mwezi wa saba.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Vumbi tu, baba."

"Bakari, umekiona."

"Sikuona kitu, baba. Jua kali."

Akakirudisha kwa mikono miwili, akafunga kamba, akaendelea kusukuma. Mabega yake yalitikisika karibu maili nzima. Nilipomuuliza ana nini alisema kifua kinamsumbua. Nikamwambia apate dawa. Akasema, "Ndiyo baba," kwa sauti ya mtu anayezama.

Narung'ombe: uani kwa Rukia

Rukia alinipokea vizuri. Alipiga goti akanipa shikamoo, akaniwekea maji ya kuoga, akanipikia ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho, ambacho nakipenda na ambacho mama yake alimfundisha. Watoto wake walinizunguka. Sanduku aliliweka katikati ya sebule, akalifuta vumbi kwa upande wa kanga yake. Kesho yake ndiyo siku ya shule.

Nilipomaliza kula nikamwita uani. Alikuwa akipepeta mbaazi. Nikasema bila kukaa:

"Rukia, nilikosea. Vitabu vyako sikuvichoma. Nilivificha nikavisoma mimi, miaka yote. Vimo ndani ya sanduku lile. Vile vya shule vimebaki nyumbani."

Ungo ulisimama mikononi mwake. Nilingoja kilio au matusi. Akasema taratibu:

"Najua hukuvichoma."

"Umejuaje?"

"Asubuhi yake nilichambua majivu, nitafute hata ukurasa mmoja. Nikapata kipande cha tangazo la sabuni. Nikajua ni magazeti. Nilidhani umempa mtu." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo umevisoma?"

"Vyote. Cha Stela mara tisa."

Kitu kilipita usoni mwake, sikujua kama ni kicheko au hasira. Kisha kikaondoka.

"Baba, vitabu havikuniuma. Uliwaambia watu sina akili, na sitakuwa nayo. Mimi nilikuamini. Nilikuwa mtoto, na wewe ndiye uliyekuwa na vitabu. Nilipokaa kwenye mtihani nilikuwa nakusikia wewe."

Ile 'lakini' ilinijia mpaka kwenye ulimi, nikaimeza.

"Ulinisema mbele ya watu," akasema. "Na kunisafisha, nisafishe mbele ya watu. Kesho watakuwepo wengi." Akarudia kupepeta.

Narung'ombe: chumba cha vitabu

Wazazi walikaa kwenye madawati nje ya darasa jipya, wanawake upande mmoja, wanaume upande mmoja, mkuu wa shule mbele pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Rukia alikaa safu ya kwanza, ameshika dawati kwa mikono yote miwili. Nikaitwa. Nikalifungua sanduku mbele yao, nikavua kava moja la saruji, nikaliinua juu lile gamba lenye mwanamke anayelia.

Nikasema hivi. Mimi naitwa Maktaba kule kwetu. Vitabu vikubwa ninavyo na sijavisoma. Hivi vidogo nilimnyang'anya binti yangu, nikamwita hana akili mbele ya majirani, halafu nikavisoma mimi kwa siri miaka kumi na miwili. Msichana yule alikuwa na akili. Alikuwa akisoma kila alichokipata. Niliyekuwa sina ni mimi, na nimekuja kusema hivyo kwa sababu yale ya kwanza niliyasema mbele ya watu wengi vilevile. Vitabu vya kweli nitavileta.

Kisha bibi mmoja wa safu ya nyuma akauliza kwa sauti, "Huyo mwanamke analia nini?"

"Mchumba wake amekwenda na treni, bibi."

"Amerudi?"

"Amerudi, ila na mke."

"Loo! Wanaume hawa!" Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Mwenyekiti alijifuta macho kwa kofia. Bakari, mkwe wangu, aliinuka akaenda nyuma ya darasa, na kifua chake nilikisikia kutoka kule.

Mkuu wa shule akasogea, akavigusa. "Mzee, wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanaogopa vitabu vinene. Ungetuachia walau hivi vya upelelezi, tungeanzia hapo."

Nikafungua mdomo kukubali. Rukia alikwisha kusimama.

"Samahani mwalimu," akasema. "Hivyo si vya baba kutoa. Ni vyangu. Fungua ndani, vina jina langu." Akaja mbele, akavirudisha sandukuni kimoja kimoja, akafunga kifuniko. Alipokuwa akiondoka nalo kichwani, aligeuka akaniambia, mbele yao wote, "Asante baba." Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama chini, kwa sababu mtu wa miaka sitini na nne alikuwa akilia, na safari hii si karibu na mwisho wa kitabu.

Vile vya kweli nimekwisha kuvipeleka kwa lori la ufuta. Mkuu wa shule ameniandikia barua ya shukrani. Anasema katika maisha yake hajaona vitabu vilivyotunzwa hivyo, kana kwamba havijawahi kufunguliwa.

Nilikaa Narung'ombe siku tatu zaidi. Siku moja kabla ya kuondoka, mchana, mimi na Bakari tulirudi kutoka korosho tukiwa na njaa. Tulinusa maharage kabla ya kufika uani. Yalikuwa yameungua kabisa, chungu kinatoa moshi mweusi, na watoto wamesimama mbali nacho.

"Mama Salma!" Bakari akaita. "Maharage!"

Rukia alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu imenyooshwa, kitabu karibu na uso. Hakuinua macho.

"Yapakueni," akasema. "Nimebakiza kurasa mbili."

Tulikaa kwenye mkeka, mimi na mkwe wangu, tukala maharage meusi kwa sauti ndogo ya kutafuna ili tusimsumbue.